Presha imeshuka, je, niache vidonge?

SWALI: Shikamoo, daktari. Mimi ni dereva wa lori, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, nina umri wa miaka 48. Nilipopimwa nilikutwa na presha ya 158/98, na sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4. Nilipewa amlodipini, na sasa presha ni 128/82, nami sijisikii vibaya hata kidogo, isipokuwa mgongo, ambao huutuliza kwa diklofenaki. Wenzangu wananiambia niache vidonge, nitumie kitunguu saumu na mlonge. Je, niache? Na hiyo sukari inahusianaje na presha?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Vidonge usiviache. Hiyo 128/82 ni kazi ya dawa, na ukiiacha, presha kwa kawaida hupanda tena bila kukupigia hodi, kwa kuwa wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote mpaka moyo, figo au ubongo umekwisha kudhurika.

Sukari ya 6.4 kabla ya kula bado si kisukari, ambacho huhesabiwa kuanzia 7.0, lakini imevuka kiwango cha kawaida. Haikukutana na presha yako kwa bahati mbaya. Hukutaja kitambi, ila kwa kazi ya kukaa kutwa nyuma ya usukani nadhani kipo. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, huufanya mwili usiitikie ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na wingi huo huzifanya figo zizuie chumvi ambayo ingetoka na mkojo, hivyo presha hupanda. Mishipa inayobanwa na presha, sukari na lehemu (mafuta ya kwenye damu) kwa pamoja huharibika mapema kuliko inayosumbuliwa na kimoja tu.

Hatua uliyofikia inarudishika. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha watu zaidi ya 3,000 wenye uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda kama yako, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama vile kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformini, dawa ya kisukari, waliupunguza kwa asilimia 31, wote wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Dakika hizo unaweza kuzipata unapoegesha kupumzika au kusubiri zamu mpakani. Chakula cha njiani ndicho kigumu zaidi, kwa sababu chipsi kuku na soda hupatikana saa zote. Hata hivyo mama ntilie ana maharage na mboga za majani pia, mwombe azidishe hizo, apunguze ugali, nawe usiongeze chumvi mezani. Soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wengi huvitegemea usiku, huongeza juu yake kafeini inayoweza kupandisha presha.

Jambo uliloligusia kwa kupita ndilo lililonishtua: diklofenaki hupandisha presha na huweza kuziumiza figo, kwa hiyo mweleze daktari wako akutafutie njia nyingine ya kuutibu mgongo. Kitunguu saumu na mlonge kula kama chakula, bila kuviweka mahali pa kidonge. Uzito ukipungua na presha ikatulia, daktari wako ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe.

Safari ijayo ukiwa mjini, omba upimwe lehemu, utendaji wa figo na protini kwenye mkojo, na sukari irudiwe. Ukipata maumivu ya kubana kifuani, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, egesha lori hapohapo na utafute mtu wa kukufikisha hospitali, usijiendeshe mwenyewe.