Wakaguzi hawaji kusoma faili lako

SWALI: Mimi na mume wangu tuna kampuni ndogo ya kuhudumia wazee majumbani hapa Uingereza. Wafanyakazi wetu ni 14, na 6 kati yao tumewadhamini kwa viza ya Skilled Worker, ile ya kazi za ujuzi. Mwezi uliopita kampuni ya rafiki yetu ilikaguliwa na leseni yao ya udhamini ikasimamishwa, na tangu hapo hatulali. Wakala aliyetusaidia kupata leseni anasema atatuandalia "faili la ukaguzi" kwa pauni 3,000. Mikataba na fomu zinazokosekana atazijaza yeye na kuzipa tarehe za nyuma ili kila kitu kikae sawa. Mmoja wa wale 6 saa zake zimeshuka kutoka 39 hadi 30 kwa wiki tangu tupoteze wateja wawili, na wengine wawili tumewahamishia tawi jipya. Faili hilo linatosha? Na wafanyakazi tuwaelekeze wajibu nini?

JIBU: Dada yangu, huyo mtu usimlipe hata peni moja.

Barua kama yako napokea karibu kila wiki, na neno linalonichosha ni hilo hilo: faili. Watu wamejengewa imani kwamba ukaguzi ni mtihani wa makaratasi. Eti afisa wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, anafika, anafungua kabati, anahesabu karatasi, zikitimia anakunywa chai na kuondoka. Haiko hivyo. Afisa anapobisha hodi ameshaijua kampuni yako. Anacho kila cheti cha udhamini ulichotoa, na humo wewe mwenyewe uliandika kazi ya mtu, saa zake, mshahara wake na mahali atakapofanyia. Taarifa za mishahara uliyotangaza kwa mamlaka ya kodi, HMRC, nazo anaweza kuwa nazo mezani. Anachokuja kufanya ni kulinganisha: ulichoahidi, ulicholipa, ratiba ya zamu inavyosema, na mfanyakazi mwenyewe anavyosema. Faili ni shahidi mmoja tu, tena ndiye anayeaminika kidogo kuliko wote, kwa sababu limeandaliwa na wewe.

Sasa chukua hizo tarehe za nyuma. Niliwahi kuonyeshwa mkataba "uliosainiwa" miaka miwili kabla, karatasi nzuri, saini mbili, muhuri. Pale juu kwenye nembo ya kampuni palikuwa na anwani ya ofisi waliyohamia miezi sita tu iliyopita. Mwenye kampuni hakuliona hilo mpaka nilipoweka kidole. Afisa angeliona kabla hajaketi. Ukaguzi wa haki ya kufanya kazi ndio mbaya zaidi kuughushi. Ule unaofanywa mtandaoni kwa msimbo wa kushiriki, ile share code anayokupa mfanyakazi, hutoa ukurasa wenye picha yake na tarehe uliyofanya ukaguzi. Sheria inataka ufanyike kabla mtu hajaanza kazi. Ukiufanya leo kwa mtu aliyeanza mwaka jana, ukurasa utasema leo. Ufanye hata hivyo, uuhifadhi kwa tarehe yake halisi, na uandike pembeni ni lini uligundua kwamba haukufanyika. Haukupi kinga kwa siku zilizopita, ila angalau hujadanganya.

Maana tofauti ndiyo hiyo. Mwajiri aliyezembea kumbukumbu anaweza kushushwa leseni yake kutoka daraja A hadi daraja B, akapewa mpango wa kurekebisha, akalipia, akarudi A. Mwajiri aliyeleta hati ya uongo amejitoa mwenyewe kwenye mazungumzo hayo, na huenda akajikuta kwenye kesi ya jinai juu yake.

Nirudi kwenye kampuni yako, maana shida yako halisi wakala wako hata hajaigusa. Ni zile saa 9.

Cheti cha yule mfanyakazi kinasema saa 39 na mshahara wa saa 39. Ukimlipa saa 30, mshahara umeshuka, na kushuka huko hutolewa taarifa kwenye mfumo wa udhamini, ule wa mtandaoni wa Home Office, ndani ya siku 10 za kazi. Na si taarifa tu. Mshahara ukianguka chini ya kiwango cha viza yake, huruhusiwi kuendelea kumdhamini, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye mwongozo, kama likizo ya uzazi au ugonjwa. Kupoteza wateja haimo. Najua inauma, biashara ya huduma za majumbani ndivyo ilivyo, mzee akifariki saa zake zimekwenda naye. Lakini ulipomdhamini mtu ulichukua hatari hiyo wewe, hukumpa yeye. Mrudishie saa zake, umlipe pengo lililopita, na pengo hilo lionekane kwenye hati ya malipo kwa jina lake, lisifichwe chini ya "bonasi". Halafu toa taarifa na ueleze kilichotokea. Kama huwezi kumlipa saa 39, hilo ni swali la mwanasheria wiki hii, si mwezi ujao.

Wale wawili wa tawi jipya ni wepesi zaidi. Kubadilika kwa mahali pa kazi nako hutolewa taarifa ndani ya siku 10 za kazi. Tawi lenyewe, kama badiliko la kampuni, lina siku 20. Umechelewa. Toa taarifa hata hivyo, leo. Taarifa ya kuchelewa iliyoingia kabla ya ukaguzi husomeka tofauti kabisa na ile iliyoingia jioni ya siku afisa alipoondoka, na mfumo huandika saa na dakika. Wakati uko humo, pitia pia mahudhurio: anayekosekana siku 10 mfululizo za kazi bila ruhusa, au aliyekaa bila malipo zaidi ya wiki 4 kwa jumla katika mwaka bila sababu inayokubalika, naye alipaswa kutajwa.

Kuhusu kuwaelekeza wafanyakazi: usithubutu. Maafisa huwahoji mmoja mmoja, na maswali yenyewe ni ya kawaida. Wiki iliyopita ulifanya saa ngapi? Msimamizi wako nani? Nani alilipia cheti chako cha udhamini? Watu watatu wakijibu kwa sentensi ile ile neno kwa neno, afisa hahitaji faili tena. Waambie jambo moja tu, waseme ukweli. Na kama unaogopa ukweli wao, rekebisha huo ukweli kwanza. Kwa mfano, kama umekuwa ukiwakata mshahara kurudisha ile tozo ya ujuzi anayolipa mwajiri akidhamini mtu, Immigration Skills Charge, acha na uwarudishie, kwa sababu haikuwa halali kumbebesha mfanyakazi. Kwa vyeti vya Skilled Worker vilivyotolewa tangu 31 Desemba 2024, ada ya leseni na ya cheti nazo hazirudishwi na mfanyakazi.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Nenosiri la mfumo wa udhamini lipo kwa nani? Nikibahatisha, lipo kwa wakala. Kampuni nyingi zinazokuja kwangu zikilia, mwenyewe hajawahi hata kuingia kwenye mfumo. "Kijana wa leseni" ndiye anayetoa vyeti kwa jina la mwenye kampuni. Kila mtumiaji wa Daraja la 1, yaani anayeendesha mfumo huo kila siku kwa niaba ya kampuni, anapaswa kuwa na akaunti yake, na kuazimana nenosiri kumekatazwa. Mwakilishi anaweza kuongezwa kihalali kwa akaunti yake mwenyewe, lakini anachokosea unahesabiwa wewe.

Hawa vishoka wamenoga tangu leseni ziache kuhitaji kuhuishwa kila miaka 4, kuanzia Aprili 2024. Watu wakadhani kimya maana yake hakuna anayetazama, na vishoka wakapata bidhaa mpya ya kuuza: hofu. Kifurushi cha ukaguzi, ukaguzi wa majaribio, cheti cha "utayari" chenye riboni, ambacho kwa Home Office hakina kazi yoyote. Wengi wao hawaruhusiwi hata kutoa ushauri wa uhamiaji. Uingereza kazi hiyo ni ya wanasheria wanaosimamiwa na vyama vyao, au washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority (IAA), ambayo hadi Januari 2025 ilijulikana kama OISC. Kuifanya bila usajili ni kosa la jinai. Na mambo yakiharibika, kishoka anabadilisha namba ya simu. Leseni ikisimamishwa ni wewe mwenye siku 20 za kazi za kujibu kwa maandishi. Ikifutwa hakuna rufaa, unabaki na mapitio ya mahakama tu, na kuomba upya ni baada ya miezi 12 au zaidi. Wafanyakazi wako kwa kawaida hubakiwa na siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka, na kila mwajiri anayenaswa na mtu asiye na haki ya kufanya kazi anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kichwa, au 60,000 akirudia.

Muulize wakala wako namba yake ya usajili, kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha ya IAA iliyo wazi mtandaoni. Akikasirika kwa kuulizwa, badilisha nenosiri kabla hajakata simu.