Usisaini kesho. Karatasi ilale kwako kwanza

Usisaini. Mengine yote uliyouliza kuhusu huo mpango wa mafunzo ya wasanii unaojiunga nao nimeyasoma, ya potifolio (mkusanyo wa kazi zako za kuonyesha), ya namna ya kumchagua mshauri, ya kama uache kazi au la, lakini nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho ulioutupia kama mtu anayetaja hali ya hewa: "kesho ni ufunguzi na tutasaini mkataba, wamesema ni utaratibu tu." Mdogo wangu, huo mstari ndio uzi wenyewe. Hayo ya juu ni mapambo.

Mimi nilisaini "utaratibu tu". Nilisaini nimesimama, karatasi nimeiegemeza mgongoni kwa mshiriki mwenzangu, kalamu ya kuazima, kwa sababu mpiga picha alikuwa anatuharakisha tujipange kwa picha ya pamoja. Nilipomaliza nikageuka, naye akasaini mgongoni kwangu. Kwenye ile picha tunacheka mpaka magego yanaonekana. Ninayo hadi leo, na huwa naitoa kila ninapojihisi mjanja.

Mpango wenyewe ulikuwa kama wako: miezi sita, wasanii kumi na wawili, kila mmoja na mshauri wake, mafunzo ya kupanga bei, kuandika maelezo ya msanii, kuzungumza na wanunuzi, mwisho maonyesho. Na sitasema uongo, nilijifunza. Kabla ya pale nilikuwa napanga bei kwa kuangalia viatu vya mteja. Basi, sifa zangu zinaishia hapo.

Ndani ya ile miezi sita nilichora kama mtu anayefukuzwa. Picha arobaini na moja, mfululizo mmoja wa mikono: ya fundi cherehani, ya mkunga, ya kinyozi, ya mzee anayehesabu vidonge vyake. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya na sijaifikia tena. Siku ya maonyesho watu walikuwa wakitazama picha, halafu wanainamisha macho kutazama mikono yao wenyewe. Nikajua nimefika.

Mwaka na kitu baadaye, mchapishaji akanitafuta. Anataka mkono mmoja kwa jalada la kitabu, na mambo yakienda vizuri mingine minne kwa vitabu vitakavyofuata. Alikuwa na ombi dogo tu: nithibitishe kwa maandishi kwamba haki za picha ni zangu. Nikacheka. Za nani tena, nimechora mimi, ziko nyuma ya kitanda changu! Nikaanza kutafuta mkataba, nikagundua sina. Sikupewa nakala, na wala sikuomba. Zilipita wiki tatu za "njoo kesho" na "mhusika yuko safarini" ndipo nikapewa nakala ya karatasi yenye saini yangu mwenyewe.

Kifungu cha saba. Siku hizi nakijua kwa kichwa: "Mshiriki anahamishia kwa waandaaji haki zote, zilizopo na zitakazokuwepo, katika kazi zote zitakazotengenezwa katika kipindi cha mpango na miezi kumi na miwili baada yake, duniani kote, kwa muda wote wa uhai wa hakimiliki."

Rudia kusoma polepole. Haki zote, kazi zote, duniani kote, muda wote. Na ile miezi kumi na miwili ya ziada maana yake ni kwamba hata nilichochora nyumbani baada ya kuagana, kwa rangi nilizonunua mwenyewe, kilikuwa chao. Halafu huo "uhai wa hakimiliki" mimi nilidhani ni miaka mitano hivi, kama dhamana ya friji. Mkataba wa kimataifa wa Berne, wa tangu 1886, unaweka kima cha chini: uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi kadhaa zimefika 70. Yaani nikifa leo, wale jamaa wataendelea kula mikono yangu mpaka wajukuu zangu waote mvi.

Mchapishaji akawaandikia wao. Wakamtajia bei. Akatafuta mchoraji mwingine. Vitabu vyote vitano vimetoka na nimeviona. Majalada ni mazuri, na inaniuma kuandika hivyo.

Subiri, bado. Miezi michache baadaye nikaenda zahanati, nimekaa kwenye benchi, nainua macho: kalenda ukutani. Ule mkono wa kinyozi. Wameukata kidole gumba ili nembo ya kampuni ienee, na rangi wameikoleza mpaka ngozi imekuwa kama nyanya. Nikamwambia nesi, "Dada, huo mkono nimeuchora mimi." Akanitazama vizuri, akaniuliza kama nimeshapimwa presha.

Sasa niruhusuni nimseme mtu mmoja, halafu nitatulia. Mshauri wangu. Mtu mzima, mtaratibu, mvi za kuaminika kabisa, mzee ambaye ukimwamkia unainama bila kujua. Nilimuuliza siku ileile, naapa nilimuuliza: "Mzee, hiki kifungu cha saba kina maana gani?" Hakuishika hata karatasi. Akanipiga begani, akasema, "Hiyo ni ya kawaida kijana wangu, hata mimi nimesaini." Nilikuja kujua baadaye kwamba ni kweli alisaini. Alisaini kama mlipwaji. Mkataba wake ulikuwa wa kurasa mbili, unaosema atalipwa kiasi gani na lini, na haukugusa hata penseli yake moja. Sidhani alikuwa mwizi. Nadhani hakujua, na aliona aibu kusema hajui mbele ya kijana, na ile aibu yake ya nusu dakika nimeilipia mimi. Ningemsamehe upesi zaidi kama angekuwa mwizi.

Kosa liko hapa, na wachoraji wengi humu jukwaani bado wanalo kichwani. Picha ni kitu kimoja, haki ya picha ni kitu kingine. Turubai zangu arobaini na moja ni zangu hadi leo. Naweza kuuza moja kesho, mnunuzi aitundike sebuleni. Lakini siwezi kuichapa kwenye kadi, siwezi kumruhusu mtu aiweke kwenye fulana, siwezi kutoa nakala hamsini zenye namba na saini. Nina mwili, roho wanayo wao. Hata upande wa pili iko hivyohivyo: anayenunua turubai yako hajanunua haki ya kuichapa, isipokuwa umempa kwa maandishi. Na usidanganywe na wanaosema "hukusajili kwa hiyo haikuwa yako." Kwa Berne haki inazaliwa pale kazi inapozaliwa, bila kujiandikisha popote. Ilikuwa yangu. Niliigawa mwenyewe, mgongoni kwa mtu.

Nilikwenda kwa wakili. Alisoma kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kutafuta ofisi yake. Akasema uhamisho ni halali, lakini kuna kitu kidogo kimebaki: kifungu cha 6bis cha Berne, kilichoongezwa 1928, kinamwachia mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama haki za kibiashara ameshaziuza. Tukaandika barua. Matokeo: toleo lililofuata la kalenda, kidole gumba kimerudi, na jina langu lipo chini kwenye pembe, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa. Nimeliweka kwenye wasifu wangu. Mtu hakosi cha kujivunia.

Ukiona aibu kuuliza kesho, wakumbuke Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliomtunga Superman, yule shujaa wa vitabu vya katuni. Mwaka 1938 waliiuzia kampuni ya uchapishaji haki zake kwa dola 130, za kugawana wawili. Ilipofika 1975, wakiwa watu wazima na Shuster karibu haoni, ndipo kampuni kwa kusukumwa na kelele za magazeti ikakubali kuwapa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi. Wale angalau walikuwa na Superman wa kuwapigia kelele. Wewe na mimi tuna nani?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaichosha humu mpaka wasimamizi wanifungie: karatasi ilale kwako kwanza. Usisaini siku uliyopewa. Hata iwe ukurasa mmoja, hata wawe wamepamba ukumbi, hata mgeni rasmi awe ameshika kipaza sauti. Sema, "Nashukuru, nitaileta kesho asubuhi." Basi. Usijieleze, ukijieleza utazungushwa. Mwandaaji mwema atasema sawa. Anayekwambia ni leo au nafasi inakwenda kwa mwingine, huyo amekusomea kifungu cha saba bila kujua.

Karatasi ikilala kwako, chukua kalamu na kila panapotajwa kazi zako uliza pembeni: kazi zipi, kwa matumizi gani, wapi, mpaka lini. Hayo sikuyatoa kichwani. Sheria ya Ufaransa inataka kila haki inayohamishwa itajwe peke yake, na matumizi yake yawekewe mipaka ya kiasi, lengo, mahali na muda. Ujerumani wameenda mbali zaidi, mtunzi akiwa hai hawezi hata kuihamisha hakimiliki yenyewe, anaweza kutoa ruhusa ya matumizi tu. Wenzetu wameona watu wengi wakisaini mgongoni kwa watu.

Halafu tafuta kitenzi. "Anahamisha" na "anaruhusu" ni maneno mawili tofauti kama kuuza nyumba na kumkaribisha mgeni. Unachotaka kiwe kitu kama hiki: mshiriki anawaruhusu waandaaji kutumia picha zilizoonyeshwa kwenye maonyesho ya mwisho, kwa katalogi na kutangaza mpango, kwa miaka miwili, kwa kutaja jina lake, na haki nyingine zote zinabaki kwake. Hicho hakimnyimi mwandaaji chochote anachokihitaji kikweli.

Na hapa ndipo panaponiuma kuliko kalenda. Miaka mitatu baadaye niliingia mpango mwingine. Kifungu kilekile, karibu neno kwa neno. Karatasi ikalala kwangu. Asubuhi nikawapelekea barua ya mistari minne nikiomba "anahamisha" iwe "anaruhusu" na "zote" iondoke. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, nimekariri hoja njia nzima. Yule dada wa ofisini akasoma, akasema, "Ah, hii tuliinakili kwenye mkataba wa mtu aliyetutengenezea nembo, ngoja tubadilishe." Dakika kumi. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikiwaza picha arobaini na moja.

Kingine, maana kalenda isingechapika bila msaada wangu: mafaili. Niliwapa waandaaji faili kubwa za kila picha, pikseli 6,000 upande mrefu, kwa flashi yangu mwenyewe ya kuchomeka kwenye kompyuta, tena nikawaachia. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni inchi 20, ukubwa wa kalenda ya ukutani kabisa. Wakikuomba picha za tovuti, wape pikseli 1,500. Kwenye skrini zinapendeza, na mtu akitaka kuzichapa kwa ubora huohuo anapata inchi 5. Achape kadi ya mwaliko.

Potifolio: weka kumi na mbili nzuri, si arobaini, na piga picha mchana kwa mwanga wa kivulini, si kwa flashi ya simu. Kuhusu kumchagua mshauri, nimeshamaliza maneno yangu juu ya washauri. Lile la kuacha kazi, na kuna jingine nadhani uliuliza, la ada au la usafiri, nimelisahau, wengine watakujibu.

Wewe piga picha kifungu chochote chenye neno "haki" au "kazi za mshiriki", futa majina, ubandike hapa usiku huu tukisome pamoja. Na huo ufunguzi wa kesho ni saa ngapi?