Jibu: Kuandika nyaraka za muundo wa ukurasa wa kumbukumbu

Ndugu, umeuliza iwapo kikundi chenu cha Mwanza, katika kuandika nyaraka za kiini cha Linux (kernel, sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa na kumbukumbu) kwa Kiswahili, kieleze uga kwa uga, yaani sehemu moja moja, muundo wa data (struct page) unaoeleza kila ukurasa wa kumbukumbu, yaani kila kipande kidogo cha RAM. Nashauri msianze hivyo. Katika mashine nyingi za biti 64, muundo huo huchukua baiti 64 kwa kila ukurasa wa baiti 4,096, yaani megabaiti 16 kwa kila gigabaiti ya kumbukumbu, na ili usivimbe zaidi, nafasi zilezile hubeba maana tofauti kutegemea ukurasa unatumika kwa akiba ya faili (cache), kwa data ya programu au kwa jedwali la kurasa (orodha inayoonyesha anwani za programu ziko kwenye ukurasa upi). Ni kama kreti moja pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba: hubeba dagaa leo na sangara kesho. Elezeni kwanza matumizi, kisha uga.

Hesabu mbili zilizo ndani ya muundo huo zinastahili aya ndefu, kwa kuwa huchanganywa mno: moja huhesabu wanaoushikilia ukurasa usiachiliwe, nyingine mara ambazo umewekwa katika majedwali ya kurasa. Tajeni pia toleo la kiini, maana tangu 5.16 la Januari 2022, kazi nyingi zimekuwa zikihamishiwa kwenye folio, muundo unaowakilisha ukurasa mmoja au kundi la kurasa zinazofuatana.