Kabla hujawaita wazazi, jiulize kama umeshaamua

Juzi nimepata meseji ya mwalimu mmoja, kapewa kazi ya kuongoza kamati ya kupanga upya masomo kwenye shule ya umma anayofundisha, ananiuliza "naanzaje kushirikisha wazazi bila kupoteza muda?" Nimeisoma kama mara tatu hivi. Hilo neno kupoteza muda ndo limenifanya nikae niandike, maana mimi nilikuwa naongea hivyohivyo na nililipia.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma. Matokeo yalikuwa mabaya miaka miwili mfululizo, mkuu wa shule akaniambia nije na mpango. Nikajifungia ofisini na wenzangu wawili tukatoka na kitu kizuri kwelikweli, au ndo nilivyoona: ufundi ufutwe, vipindi vyake viende kwenye sayansi na kompyuta, halafu kila jioni masaa mawili ya marudio kwa wote. Tukachapa, tukabandika jalada, tukaita kikao cha wazazi saa nane mchana siku ya kazi. Wakaja 14.

Nikaongea dakika 40. Nilipomaliza nikazungusha karatasi ya mahudhurio wasaini, na hapo ndo mambo yakaharibika. Mama mmoja aliyekaa mstari wa pili alishika kalamu, akaisoma ile karatasi taratibu kuanzia juu, akaiweka kalamu chini. Akauliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa wazazi waliopitisha mpango. Sisi tumepitisha saa ngapi?" Ukumbi ukawa kimya. Kile kichwa cha karatasi nilikiandika mimi kwa mkono wangu, usiku wa kuamkia kikao, wala sikuona kosa lolote. Nilijibu kitu gani sijui hata, ninachokumbuka ni wazazi wanatoka mmoja mmoja na karatasi iko tupu.

Kwa kweli niliumia. Niliwalaumu wao, nikasema hawajali elimu ya watoto wao, nikaacha kulala. Ilinichukua muda kukubali kwamba yule mama alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimewaita watu waje kunipigia muhuri.

Miezi iliyofuata naruka, ni vikao tu. Tulianza upya bila karatasi yoyote. Nilichukua daftari nikawafuata watu jioni baada ya kazi, majumbani, kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa, nikaongea na vijana waliomaliza kwetu na wale walioacha njiani. Sikuuliza "mnaonaje mpango wetu", niliuliza mtoto akirudi nyumbani na daftari anafanya nini nalo. Na yule mama wa kalamu ndiye aliyeniambia jambo lililobadilisha kila kitu: "Mwanangu anakariri, hasomi. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona uone." Tukawapa kidato cha kwanza ukurasa mmoja mmoja wasome kwa sauti. Wengi walikwama mstari wa tatu! Sasa mtoto wa hivyo unamuongezea vipindi vya fizikia vya nini, wakati hata swali lenyewe la mtihani halimfikii? Ndo tukaweka vipindi vya kusoma kwenye ratiba ya kidato cha kwanza, asubuhi, wakati kichwa bado kina nguvu, ufundi ukabaki, yale masaa ya jioni tukayafuta kwa sababu wazazi walisema wazi wasichana wanafika nyumbani gizani. Vile vipindi vya kusoma vipo mpaka leo na najivunia sana, sifichi.

Lakini kuna mwenzangu alisimama kwenye kikao cha walimu akasema nimewauza walimu kwa wazazi. Sikumjibu. Bado linanikaa rohoni.

Walimu wenzangu, tuache kuita watu wakati sisi tumeshamaliza kuamua. Mwaka 2015 kule Chicago, Marekani, wazazi na wanaharakati 12 waligoma kula siku 34 kwa ajili ya sekondari ya Dyett iliyokuwa imefungwa. Katikati ya mgomo uongozi wa shule za umma za mji ukatangaza shule itafunguliwa tena, ila kwa mkazo wa sanaa, na wale watu wakaendelea kugoma, kwa sababu walikuwa wameandaa mpango wao wenyewe wa masomo ya uongozi na teknolojia ya kijani na haukufuatwa. Shule wamerudishiwa na bado wanakaa na njaa! Na huo ni mji ambao tangu sheria ya mwaka 1988 kuna mabaraza ya shule yenye wazazi 6, yenye nguvu ya kuchagua mkuu wa shule na kupitisha bajeti. Baraza kuwepo ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo lingine kabisa.

Halafu usiwadanganye watu. Mtaala wa taifa huwezi kuugusa, idadi ya walimu unaijua, hivyo viseme siku ya kwanza kabisa ili mtu asipoteze jioni yake kudai usichoweza kumpa. Na wakishasema, rudi. Sisi tulibandika getini karatasi yenye safu tatu, mlichosema, tutakachofanya, tusichoweza na kwa nini, na ile safu ya tatu ndo iliyosomwa kuliko zote, watu walikuwa wanasimama pale na kidole kwenye mstari.

Kwa hiyo mwalimu uliyeniandikia, wiki hii usichape kitu. Tafuta wazazi watano ambao hawajawahi kukanyaga kikao chochote, wafuate jioni, uliza mtoto akishindwa swali nyumbani anamuuliza nani, andika majibu yao kwa maneno yao. Usiyanyooshe. Ukimaliza nitumie hayo majibu matano kama yalivyo, nitayasoma yote.