Mdogo wangu wa Makorora, anza na memori

"Kaka shikamoo. Nimeipandisha 5600 yangu mpaka 4.6 kama walivyoonyesha kwenye video. Usiku inakwenda freshi, ikifika saa nane mchana gemu linaganda, halafu skrini ya bluu. Ninunue pawa saplai nyingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu. Picha ulizotuma zinaeleza zenyewe: prosesa yako, Ryzen 5 5600 ya AMD, umeifunga kwenye 4.6 GHz kwa volti 1.35, na memori yenye kibandiko cha 3200 CL16 inatembea kwa 2400. (3200 ni kasi, CL ni idadi ya midundo ambayo memori inasubiri kabla ya kutoa data.) Umekaza penye faida ndogo, penye faida kubwa hukupagusa.

Joto kwanza. Hitisinki haitengenezi baridi, inabeba joto la prosesa na kulitupa kwenye hewa ya chumba. Prosesa inayosoma nyuzi 72 kwenye chumba cha nyuzi 20 huko video iliporekodiwa, itasoma kama 85 hapa Tanga wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na 33. Kikomo cha 5600 ni 90. Na volti inachemsha kuliko kasi, kwa sababu vati hupanda kwa mraba wa volti. Ukitoka 1.20 ukaenda 1.35, ukajumlisha na hiyo 4.4 ya kiwandani kuwa 4.6, umeongeza karibu theluthi ya joto ili upate kasi ya asilimia 4 au 5. Inaniuma vijana wetu wanapoambiwa "ongeza volti mpaka itulie" na watu wanaokaa kwenye baridi.

Rudisha prosesa kwenye Auto. Kisha ndani ya BIOS, ile menyu ya mazabodi kabla Windows haijawaka, tafuta PBO, sehemu inayoiachia prosesa ijipandishe yenyewe. Ingia Curve Optimizer, inayorekebisha volti ya viini, chagua All Cores (viini vyote), Negative, andika 10. Kila tarakimu moja inapunguza takriban milivolti 3 mpaka 5. Prosesa ikipoa, inapanda yenyewe na kukaa juu muda mrefu zaidi. Ikitulia nenda 15, halafu 20. Usiipime kwa programu ya Cinebench peke yake: hiyo inabebesha viini vyote kwa pamoja, wakati upungufu wa volti hujitokeza kiini kimoja kinaporuka juu peke yake. Tumia CoreCycler, inayopima kiini kimoja kimoja, iache usiku kucha. Mashine ikijizima imekaa tu bila kazi, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tafuta kosa la WHEA-Logger namba 18, usome APIC ID. Gawa kwa 2, maana kila kiini kina namba mbili: ikiwa ni 6 au 7, mkosaji ni kiini namba 3, ukianza kuhesabu na 0. Hicho kipunguzie makali, yaani ile namba ya Negative iwe ndogo zaidi, vingine viache.

Sasa memori, na hapa ndipo pa kukaa.

Hakikisha vipande viwili viko kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Washa wasifu wa kiwandani: kwa mazabodi za AM4, soketi ya prosesa yako, za ASUS zinauita DOCP, za MSI A-XMP, za Gigabyte XMP. Programu ya CPU-Z itakuonyesha 1600, usishtuke, inasoma nusu. Faida yake ipime hivi: chukua CL, zidisha kwa 2000, gawa kwa kasi. 2400 CL17 ni nanosekunde 14.2 za kusubiri. 3200 CL16 ni 10. Gemu linalosubiri data kutoka kwenye memori linaiona tofauti hiyo kuliko zile megahezi 200 ulizozipigania.

Ukitaka kuendelea, weka 3600 na FCLK, kasi ya njia ya data ndani ya prosesa, 1800. Hiyo ni nusu ya 3600, ndiyo kasi halisi ya memori, kwa hiyo zinakwenda sambamba. Volti ya memori 1.38, SOC (sehemu ya prosesa inayoongoza memori) 1.10, taimingi, yaani hesabu za kusubiri, 18-22-22-42, tRC 64, tRFC 630. Ikikataa, rudi 3200 ukaze hapo hapo, hujapoteza kitu. Ikikubali, anza kushusha tRFC: 630, 594, 558, 540, hatua moja, pima, hatua nyingine. Halafu taimingi nyingine tatu: tRRDS 4, tRRDL 6, tFAW 16. CL ije baadaye, na usiandike 17: kile kipengele cha BIOS kiitwacho Gear Down kikiwa kimewashwa, mazabodi itaigeuza 18 kimyakimya. Ruka mpaka 16 au baki ulipo. Namba za mwenzio usizinakili, kwani vipande viwili vyenye kibandiko kimoja vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Saa nane mchana inaikamata hata memori. Kila biti kwenye memori ni chaji ndogo inayovuja, na ikichemka inavuja haraka zaidi. tRFC ni muda ambao chipu inapewa ili ijaze chaji hizo upya. Ukiubana mno, usiku wa kusi utapita salama, mchana wa Februari utaanguka. Kwa hiyo pima mchana, madirisha yakiwa kama unavyokaa siku zote, gemu likiwa limeshaipasha moto kadi ya picha iliyo chini ya memori. MemTest86 kwenye flashi, mizunguko minne, kisha TestMem5 ndani ya Windows. Kosa moja ni kosa. Usiseme "moja tu", hilo moja ndilo linaloharibu faili za Windows bila kukuambia, na nakala ya kazi zako iwe kwenye diski nyingine kabla hujagusa chochote.

Kwa mlio karibu na bahari, Raskazone na Mwambani, chomoeni memori kwanza mkaiangalie mwangani. Kwenye meno ya dhahabu mkiona vidoa vya kijani, ni kutu ya shaba inayoletwa na chumvi. Sugua taratibu kwa ufutio mweupe wa shule, pangusa kwa spiriti, acha ikauke. Kuna makosa ya memori yanayoondoka hapo hapo bila kugusa taimingi hata moja.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuhifadhi, subiri dakika tatu, mazabodi inajaribu yenyewe mara kadhaa. Isipowaka, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha gusanisha pini mbili za kufuta CMOS, panapotunzwa mipangilio ya BIOS, kwa bisibisi, sekunde 10 tena. Kama huzioni, toa betri ya CR2032 dakika tano. Mipangilio yote itarudi kama ilivyotoka dukani, ndiyo maana kila hatua inayokubali uipige picha kwa simu.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza wa tRFC, nitumie picha ya ZenTimings, programu inayoonyesha taimingi zote, na joto la chumba.