Maswali Yenu: Watu, Jiko na Msitu

Je, misitu ya Tanzania inaisha kwa sababu tunazaa sana?

Kwa sehemu, ndiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ile ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na ongezeko la takriban asilimia 37 haliwezi kupita bila kugusa misitu na vyanzo vya maji. Hata hivyo, katika kipindi hichohicho wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3, kwa hiyo kaya ziliongezeka kwa kasi kuliko watu wenyewe. Na kila kaya ina jiko lake, ilhali maharage ya watu wanne hula mkaa karibu sawa na ya watu watano.

Anayehamia Dar es Salaam si anaupunguzia msitu mzigo?

Kinyume chake, mara nyingi anauongezea. Kijijini alikuwa akipikia kuni, nyingi zikiwa matawi makavu yaliyookotwa, lakini mjini anapikia mkaa unaoletwa kwa magunia kutoka Morogoro, Tanga, Lindi na wilaya za Pwani, na mkaa huo hutokana na miti mizima ya miombo iliyokatwa ikiwa mibichi. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, kisha huungua taratibu kwa siku kadhaa, na katika tanuri la namna hiyo sehemu kubwa ya nishati ya mti hupotea kabla gunia halijafika barabarani. Ndiyo maana anayehesabu vichwa tu, bila kuuliza vichwa hivyo vinapikia nini, hupata picha potofu.

Mbona nchi tajiri hututazama sisi zinapotafuta wa kulaumiwa kwa uharibifu wa mazingira?

Kwa sababu ni rahisi kuliko kujitazama. Mmarekani mmoja kwa wastani huzalisha zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata tani moja.

Gesi itatosha kuchukua nafasi ya mkaa?

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Kikwazo ninachokiona ni namna ya kulipa: mwenye kipato cha kutwa hununua mkaa kwa kopo, lakini mtungi humtaka fedha yote kwa mkupuo. Mahali gesi inapouzwa kwa mita, kadiri mtu anavyotumia, kikwazo hicho hupungua sana.