Testi ya maonyo imepita? Rudisha bagi kwanza uone

Wadogo zangu wa Mbeya na Iringa mnaoanza kuchangia programu huria, mkipewa kazi ya kukagua marekebisho ya bagi (kosa kwenye programu) kwenye msimbo unaopima maonyo ya Python (ujumbe wa tahadhari ambao programu inautoa bila kusimama), msikimbilie kusema "poa, iingie" eti kwa sababu testi zote (majaribio ya msimbo) zimepita. Testi za maonyo zinaweza kupita hata kama hazipimi kitu! Gunia la viazi pale Mwanjelwa hununui kwa kuangalia vya juu tu, si ndio?

Mi nikishachukua kazi ya mwenzangu naiacha testi mpya ilivyo, ila narudisha msimbo wa zamani ule wenye bagi, halafu naendesha. Inatakiwa ifeli. Ikipita ujue haijaigusa bagi kabisa, basi namrudishia mwenyewe kwa upole na namwonyesha nilichokiona. Na hii haili bando, hata ukiwa geto Iyunga na neti inasuasua unaifanya, kila kitu kiko kwenye mashine yako.

Halafu ukikuta mtu kaandika catch_warnings(record=True) kwa mkono, ile inayonasa maonyo na kuyaweka kwenye orodha, muulize simplefilter("always"), inayoamuru kila onyo lionekane, iko wapi. Python inakumbuka onyo ililokwisha kutoa, kila moduli (faili la msimbo) ina kumbukumbu yake inaitwa __warningregistry__, kwa hiyo onyo lilelile likitoka mara tatu kwenye mstari uleule linaweza kuonekana mara moja tu. Sasa fikiria bagi yenyewe ni kwamba onyo linajirudia, na testi inahesabu inakuta moja, inapita, kila mtu anafurahi na bagi bado ipo palepale. assertWarns ya unittest, zana ya testi inayokuja na Python yenyewe, inaifuta hiyo kumbukumbu kabla ya kuanza, ndo maana naipenda kuliko kuandika mwenyewe.

Kwenye pytest, zana nyingine ya testi, kuna jingine. Kabla ya toleo 8.0 la mwaka 2024, pytest.warns, inayohakikisha onyo limetoka, ilikuwa inameza maonyo yote yaliyotoka ndani yake, hata yasiyohusika, siku hizi yale yasiyolingana inayatoa tena nje. Kwa hiyo mtu akipandisha toleo na maonyo mapya yakafumuka, asiyazibe kwa kichujio ili tu kijani (alama ya testi kupita) kirudi, hayo yalikuwepo siku zote, yasomwe moja moja.

Na match yake, yaani maneno unayotarajia kwenye onyo, inasomwa kama regex (namna ya kutafuta maneno ambayo baadhi ya alama zina maana maalumu), ukiandika "jumla()" yale mabano hayatafutwi kama mabano, tumia re.escape ili alama zisomwe zilivyo, yaishe.

Mwisho angalieni stacklevel, namba inayosema onyo lielekeze kwenye mstari wa msimbo wa nani. Isipowekwa inakuwa 1, na onyo linamwelekeza mtumiaji ndani ya maktaba yetu badala ya kwenye faili lake, anabaki anahangaika na msimbo ambao hakuuandika yeye, na huyo mtu mi namjali sana. Ndo maana huwa naomba testi iangalie na jina la faili kwenye onyo, siyo maneno yake tu.